Ugomvi Wetu wa Jumapili

Jumapili, 2 Januari 1938

Mwaka umeanza na nimeshachoka nao. Leo Lew amekwenda tena kutukanwa katika kipindi cha Corky Devane, naye akamtukana, na mimi mkewe, niliyeandika matusi ya pande zote mbili, nimekaa nyuma ya kioo na kalamu mdomoni nikisubiri watu wacheke. Wamecheka. Kwanza saa kumi alasiri kwa ajili ya New York na Mashariki yote, ambako wakati huo wameshawasha taa, kisha tena saa mbili na nusu usiku kwa ajili ya watu wa huku kwetu California. Maneno yale yale, suti zile zile, hadhira mpya. Katikati tumekula mkate na nyama baridi kwenye korido kama watu wanaosubiri treni.

Corky kamwambia Lew kwamba akiimba bafuni maji hukatika yenyewe. Lew kamjibu kwamba vichekesho vya Corky vimeota mvi, kwamba jana alikiona kimoja kinavuka barabara huku polisi kakishika mkono. Hicho cha polisi nilikitunga nikiosha vyombo.

Nchi nzima inaamini wanachukiana. Kumbe walizunguka majukwaani pamoja miaka mingi kabla redio haijaja, Devane na Tarlow, wakilala kitanda kimoja katika nyumba za wageni za miji wasiyotaka kuikumbuka. Siku ya harusi yangu Corky, Mwairishi mtupu, alishika mmoja wa miti ya kile kitambaa ambacho sisi Wayahudi husimama chini yake, akaushika kwa mikono miwili akiogopa kitambaa kitatuangukia. Mpaka leo ananiita shemeji. Ugomvi ni mpango wa Prentiss, mtu wa kampuni ya matangazo, aliyeona mwaka jana kwamba kahawa ya mdhamini wa Corky haiuziki. Sasa inauzika. Ni utani, na katika utani hakuna kununa.

Jumanne, 4 Januari

Mwuza nyama wetu yuko upande wa Corky. Aliniuliza kama mimi ni mke wa yule Tarlow, nikakubali, akanifungia mifupa. Nikamweleza kwamba ni mchezo tu, tunautunga mezani. Akasema yeye kausikia kwa masikio yake mwenyewe.

Jumatano, 5 Januari

Siku ya kipindi chetu wenyewe, kinachodhaminiwa na sabuni. Kilikuwa chepesi. Lew hakusoma maneno yake mpaka tulipofika mazoezini, na ilionekana.

Jumapili, 9 Januari

Niliandika kichekesho kizuri kuliko vyote vya msimu. Corky alitakiwa aseme, "Lew ana sauti ya malaika," anyamaze kidogo, kisha amalizie, "Yule anayekuja kuchukua roho." Utamu wote uko kwenye kule kunyamaza. Corky akasema nusu ya kwanza, akanyamaza, na Lew hakumwachia nafasi. Akamrukia: "Mwoneni huyu, kaja na kofia, kichwa kakisahau nyumbani." Watu wakapiga sakafu kwa miguu. Kichekesho changu kikafa hapo hapo na hakuna aliyejua kwamba kilikuwapo.

Garini nilimuuliza kulikoni. Akasema Corky alinyamaza mno. Nikamwambia saa ya kupimia ilikuwa mkononi mwangu. Akafungua redio ya gari, tukasikiliza kinanda mpaka nyumbani.

Kuandikia watu wenye midomo yao wenyewe ni kazi ya kipumbavu.

Jumanne, 11 Januari

Kila jioni baada ya chakula Lew hujifungia na simu. Anasema ni mambo ya kazi. Mambo yake ya kazi nayajua mimi, maana mimi ndiye ninayeyaandika.

Jumapili, 16 Januari

Kipindi cha alasiri kilikwenda vizuri. Cha pili kilitaka kunitoa roho. Lew aliingia pale anapoingia, akauliza kama nilivyoandika, "Corky, mbona leo hunikaribishi?" Corky akamtazama, akatazama karatasi yake, kisha akasema polepole mbele ya maikrofoni: "Hayo si tumeshayasema?"

Ni kweli tulikuwa tumeyasema, lakini kwa watu wa Mashariki, ambao sasa walikuwa wanakwenda kulala. Watu wa Magharibi ndiyo kwanza walikuwa wamefungua redio. Wapiga tarumbeta waliinua vichwa. Lew akamjibu bila hata kuvuta pumzi: "Umeyasema tangu baba yangu ana nywele. Yaseme tena, hawa wamepanga foleni." Ukumbi ukalipuka. Prentiss alinijia nyuma ya kioo akanipongeza, akidhani niliyaandika, na mimi nikapokea. Nilicheka pia. Kila mmoja wetu amewahi kutamani kusema hivyo katika kipindi cha pili.

Ila Lew hakucheka. Alitoka ametota jasho mgongoni.

Ijumaa, 21 Januari

Mvua imeanza. Huku hawajui mvua, wanaitazama dirishani kama mgeni aliyekuja bila kualikwa.

Nimemsikia Lew bafuni akisema peke yake, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya Corky, ile ya puani, kila neno mahali pake. Alikuwa anasoma mistari ya Corky ya Jumapili. Yake mwenyewe hakuigusa. Kwa hiyo sasa anajifunza kumwiga, ili akamchekeshe nayo hadharani. Mtu aliyelala naye kitanda kimoja!

Jumapili, 23 Januari

Mvua. Wamecheka.

Jumapili, 30 Januari

Leo nimeona haya kuitwa Bi. Tarlow.

Corky alifungua kipindi kama anavyokifungua kila wiki: "Habari za jioni, jina langu ni..." akasimama. Tulizoea kusimama kwake, wengine tulidhani ni mtindo mpya. Lew, ambaye hata hakutakiwa kuwa kwenye maikrofoni wakati ule, akatoka kule alikokuwa akasema: "Soma kola ya shati lako, bwana. Agnes kakuandikia." Na Corky akafanya hivyo kweli. Akaikunja kola, akainama, akasoma, "Corky Devane!" kwa furaha kubwa, na watu wakafa kwa kicheko. Nilimwona Agnes, mkewe, katika safu ya mbele. Alisimama akatoka na leso mdomoni.

Kumtania mwanamume kwamba mkewe anamwandikia jina kama mtoto wa shule, mbele ya mke huyo huyo. Utani una mpaka, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuuchora. Nilimwambia Lew kwamba ugomvi wa Prentiss umemwingia kichwani, kwamba sasa anamchukia Corky kweli. Alikula supu yake. Akasema, "Chumvi imezidi," akaenda kwenye simu.

Nimehamishia mto wangu sebuleni.

Jumatano, 2 Februari

Watu wa sabuni wamepiga simu. Wanauliza kwa nini Lew anachangamka Jumapili kwa kahawa ya wenzao na Jumatano anasinzia.

Jumapili, 6 Februari

Mvua tena. Kochi la sebuleni linaumiza kiuno, na siwezi kurudi chumbani bila kusemeshwa kwanza.

Jumanne, 8 Februari



Nilioka keki ya asali nikaenda kwa Agnes, ng'ambo ya mto, kumwomba radhi kwa ajili ya mume wangu. Corky alinifungulia mlango mwenyewe. Akanikumbatia, akaniita shemeji, akauliza mama yangu hajambo. Mama alifariki miaka mingi iliyopita, na Corky alikuwapo mazishini. Nikadhani ananitania, nikasema hajambo. Tukaingia. Agnes akakata keki. Corky akanigeukia, akauliza mama yangu hajambo.

Agnes akampa redio ndogo na kiti cha barazani, akarudi akaketi mbele yangu.

"Pole ya nini unayoniletea, shoga?"

"Ya Lew. Amekuwa na mdomo mchafu. Nitamfunga breki, nakuahidi."

Akaweka kisu chini. "Usimguse. Mwambie asiache."

"Asiache nini?"

"Kumtukana mume wangu."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, bila kulia. Ilianza masika yaliyopita, kwa vitu vidogo. Mwezi wa Novemba Corky alitoka kwenda kutia barua sanduku la posta, wakamkuta Pasadena, mji mwingine kabisa, amekaa kwenye ngazi za kanisa. Tangu siku hiyo Agnes anamshonea jina na anwani kwenye kila kola. Lew alijua kabla yake. Kila jioni wanasoma mistari kwenye simu, yeye na Corky, mara nyingi kadiri Corky anavyotaka. Na Jumapili Lew anakwenda akiwa amehifadhi mistari ya Corky yote, ili Corky akipotea, Lew amrukie na tusi lolote kabla watu hawajasikia kimya, na ndani ya tusi amtilie neno la kumrudisha njiani. Watu wakicheka, Corky anapata nafasi ya kutafuta mstari. Hakuna mchekeshaji mwingine nchini anayeweza kukosea kila wiki na watu wakashangilia.

Ile Jumapili ya kola Agnes hakutoka kwa sababu ya utani. Alitoka kwa sababu Corky alihitaji kusoma.

Nikamuuliza kwa nini mimi sikuambiwa, mimi ninayeandika kila neno.

"Lew alikataa," akasema. "Alisema ukijua utamwandikia kwa huruma, na huruma haichekeshi."

Nimerudi nyumbani. Lew alikuwa jikoni anamenya chungwa. Nikamwambia nimetoka kwa Agnes na nimeambiwa. Akaendelea kumenya, ganda zima bila kulikata, kisha akasema, "Basi andika vizuri." Nililia, nikakasirika kwa kulia. Nilimkasirikia yeye kwa kunificha na nikajikasirikia mimi kwa kumwona mnyama mwezi mzima. Mto nimeurudisha chumbani.

Alhamisi, 10 Februari

Nimeandika upya kipindi chote cha Jumapili. Lew nimempa maneno marefu, Corky mafupi, na mafupi yenyewe nimeyachagua yale yanayofaa popote yatakapoangukia. "Nani kamruhusu huyu aingie?" linafaa mwanzoni, katikati na mwishoni. "Ongeza sauti, bado kuna mtu mmoja hajaondoka" linafaa kila Lew anapoimba. Sijawahi kuandika kwa makini hivi.

Lew alisoma akasema hayana huruma. Nilifurahi siku nzima.

Jumapili, 13 Februari

Nimetazama kwa macho mengine na karibu nishindwe kutazama. Lew hasomi karatasi yake. Anatazama kidole cha Corky kinachofuata mistari, na kidole kikisimama, Lew anajaza kifua. Prentiss alikuwa kando yangu anacheka, akasema, "Hawa wawili wanachukiana vizuri sana." Nikamwambia ndiyo.

Jumapili, 20 Februari

Salama, vipindi vyote viwili. Corky alisema "Nani kamruhusu huyu aingie?" mara mbili zaidi ya nilivyoandika, na kila mara lilifaa.

Jumapili, 27 Februari

Mvua kubwa, ukumbi ulinuka makoti yaliyolowa. Corky alianza sawa. Halafu, pale alipotakiwa kumtambulisha mwimbaji, aliketi kwenye kiti ambacho hakikuwapo, akasema, "Nikate nywele, bwana, lakini usizifukuze zote."

Mimi nilikuwa naulilia mstari wangu, sikuelewa. Lew alielewa. Huo ni mchezo wao wa kinyozi, wa enzi za majukwaani. Nilimwona akiangusha karatasi zote sakafuni. Akazungusha kitambaa ambacho nacho hakikuwapo shingoni mwa Corky, wakaucheza mchezo mzima, mwanzo hadi mwisho, bila Corky kupotea hata neno moja. Uso wake ulikuwa wa kijana. Watu wa ukumbini walisimama. Nimeolewa na Lew muda huu wote na sikuwahi kuuona, wakati wao ulikwisha kabla yangu.

Lakini redio haingoji mtu. Dakika zetu zilipokwisha kwenye saa ya ukutani, wakatukata, na nchi ikaingizwa kwenye kipindi kingine. Tangazo la kahawa halikusomwa. Mdhamini analipia nusu saa nzima ili lisomwe lile tangazo. Prentiss alishuka ngazi akiwa hana rangi usoni, akaapa kwamba kikirudiwa tena kichekesho ambacho hakikuandikwa, kipindi kinafungwa. Usiku Corky alisoma kila mstari ulivyoandikwa, akamaliza kabla ya muda. Ndivyo ulivyo ugonjwa huu, unakwenda na kurudi upendavyo.

Jumatano, 2 Machi

Haijawahi kunyesha hivi. Mto umevunja kingo, umebeba madaraja na nyumba, wanasema na watu. Simu hazifanyi kazi. Kipindi cha sabuni hakikurushwa.

Lew anazunguka vyumbani. Anainua simu, anaisikiliza, anaiweka, anaiinua. Corky yuko ng'ambo ya maji na Jumapili inakuja.

Alhamisi, 3 Machi

Lew alivaa viatu vya mpira akatoka kwa miguu. Alirudi amelowa mpaka kifuani. Daraja la kwao halipo.

Ijumaa, 4 Machi

Hakuna simu. Tumegombana kwa sababu ya kibiriti.

Jumapili, 6 Machi

Walimleta Corky kwa gari la kuzunguka milimani, akafika dakika chache kabla ya kuanza, amechoka, hajasoma na mtu tangu Jumanne. Alinipa mkono akasema amefurahi kunifahamu.

Mwanzoni neno fupi lilimsaidia. Kisha kidole kikasimama. Lew akamrushia tusi, Corky akamtazama kwa upole. Lew akamrushia la pili lenye mstari wake ndani yake, zima kabisa. Corky alitabasamu akasogea nyuma kutoka kwenye maikrofoni, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Kimya kikaingia. Kimya redioni si kama kimya cha nyumbani, unakisikia kikienda kwenye nyumba zote. Nilimwona Prentiss akiinuka.

Lew akaanza kuimba. Hana sauti, huo si utani, ni ukweli tuliougeuza kuwa utani. Aliimba wimbo usio na maana, akipayuka, macho yake hayamwachi Corky. Hakuna aliyecheka. Akaendelea. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza nikiomba kwa lugha ya bibi yangu. Ndipo Corky akakunja uso, akarudi kwenye maikrofoni, akauliza: "Nani kakanyaga paka?"

Hilo sikuliandika mimi. Lilitoka humo humo alimo Corky mwenyewe. Kicheko kilikuwa kirefu kiasi kwamba tangazo la kahawa lilisomwa juu yake.

Kipindi cha usiku Prentiss alisema Corky apumzike, akarusha muziki mtupu. Na alituangalia mimi na Lew kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumanne, 8 Machi

Prentiss alikuja nyumbani na maua. Alisema tuongee kama watu wazima. Amezungumza na daktari. Corky amekwisha, na wiki kumi na tatu za mkataba wake zinakwisha mwezi huu. Magazeti yakiuliza, itabidi yaambiwe sababu, kwani mdhamini hataki ionekane kwamba kahawa yake imeshindwa. Na kuanzia Aprili Jumapili itakuwa wazi. Akamtazama Lew. Jumapili ndiyo siku ambayo nchi nzima iko nyumbani.

Lew akasema atafikiri.

Niliitaka ile Jumapili. Naiandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuniangalia. Nilifikiria watu wa sabuni wakipiga simu na mimi nisipokee. Nilimwambia Lew kwamba asipoichukua yeye, ataichukua mwenye bendi yeyote, na Corky hatapata nafuu kwa hilo. Alisema najua hesabu zangu. Nikasema sikukosea. Akasema hakusema kwamba nimekosea.

"Unajua watakavyoandika?" akaniuliza baadaye, amesimama mlangoni. "Watasema kichaa. Watu waliokuwa wanacheka watakumbuka kila alipokosea, wataanza kujiona wabaya. Watamfuta mpaka mwanzo."

Jumatano, 9 Machi

Kipindi cha sabuni kilikuwa kizuri. Ajabu.

Alhamisi, 10 Machi

Lew amepata njia. Amekwenda kwa Prentiss akampa ugomvi wenye mwisho. Jumapili ijayo yeye na Corky watatangaza kwamba nchi haiwatoshi wote wawili: mmoja lazima asalimu amri, na atakayesalimu asisikike tena siku ya Jumapili maishani mwake. Tarehe 27 Lew atapiga magoti. Corky ataaga akiwa mshindi, atasema hana tena wa kupigana naye, anakwenda kupumzika. Magazeti hayataambiwa kitu. Prentiss amekubali, kwa sababu nchi nzima itasikiliza na kahawa itatajwa sana.

"Na Jumapili?" nikamuuliza.

"Nimeishindwa, si ndiyo maana yake?"

"Zote?"

"Zote, Minna."

Nilimwambia sina hakika kama Corky atakumbuka kwamba ameshinda. Akasema wengine watakumbuka. Sikulala vizuri, nilikuwa na uchungu, lakini asubuhi nilichukua kalamu kabla sijaambiwa.

Jumapili, 13 Machi

Wametangaza. Simu za Corky zimerudi, wanasoma kila jioni, sasa kwa mlango wazi.

Jumanne, 15 Machi

Mwuza nyama kanipa kipande kizuri cha ubavu. Ananihurumia, anajua tutashindwa.

Jumapili, 20 Machi

Salama kidogo. Corky aliniita kwa jina la dada yake. Watu wamekata tiketi za wiki ijayo mpaka za kusimama.

Jumapili, 27 Machi

Jua kali, hakuna wingu. Niliandika hotuba ya kusalimu amri ya kurasa mbili kwa ajili ya Lew, na kwa Corky mstari mmoja: "Inuka, unachafua zulia." Nilimwandikia kwa herufi kubwa kwenye karatasi yenye mstari huo peke yake.

Alasiri ilikwenda kama nilivyoandika. Lew alipiga magoti kweli, ingawa redioni ingetosha kusema. Alikiri kwamba hajui kuimba, kwamba Corky ndiye mchekeshaji na yeye ni mtu aliyesimama karibu naye, kwamba Jumapili si yake wala haikuwahi kuwa. Watu walicheka kila mahali nilipowaambia wacheke. Corky akasema, "Inuka, unachafua zulia," na bendi ikapiga.

Kipindi cha pili Corky aliishika ile karatasi lakini hakuitazama. Lew akapiga magoti, akaanza hotuba, akafika pale pa mtu aliyesimama karibu naye. Corky akamwekea mkono kichwani. Akasema kwenye maikrofoni, kwa utulivu, "Mwacheni. Alikuwa mzuri huyu."

Lew alifungua mdomo hakikutoka kitu. Aliinamia karatasi zake, na niliona kwamba hazioni. Nilijua kila neno lililofuata na sikuwa na namna ya kumfikishia. Kimya kikaanza kwenda kwenye nyumba za watu. Prentiss akanishika mkono. Na Corky, bila kuharakisha, akawageukia watu, akasema: "Mwoneni huyu. Kasahau maneno yake."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Lew alicheka pia, machozi yanamchuruzika, na watu wa mbele walipoona machozi wakacheka zaidi, wakidhani ni ya kushindwa. Tangazo likasomwa. Tukamaliza kwa wakati.

Koridoni watu walimsonga Corky, wakampa mikono, wakamwita bingwa. Alikuwa amenyooka, mashavu mekundu. Agnes alikwenda kutafuta gari. Lew alikuwa nyuma ya Corky anamsaidia kuvaa koti. Corky akaniona, akafurahi.

"Shemeji," akasema, "umesikia? Nimemshinda."

"Nimesikia. Hongera."

Akainama karibu na sikio langu, mkono mmoja umeingia kwenye koti, mwingine bado. "Mwambie Lew sina kinyongo naye. Ulikuwa mchezo tu. Mwambie asikae bila kuja kwangu kwa sababu ya mchezo."

Nilimtazama Lew juu ya bega lake. Corky akageuka afuate macho yangu, akamwona mtu aliyemshikia koti, akamwitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyowaitikia wahudumu wote.

"Nitamwambia," akasema Lew, akaushika ule mkono wa pili, akauingiza.